Sponji na vitambaa vya jikoni: jinsi ya kuviweka safi kweli kweli, sio kwa macho tu

Siku moja mama mkwe alikuja kwangu mchana, jua la Dar si unalijua, nikamtolea maji ya baridi kwenye glasi. Akaipeleka mdomoni, akasita, akairudisha mezani taratibu akaanza kuulizia watoto. Hakusema kitu. Alivyoondoka nikaichukua ile glasi nikainusa, ilikuwa na shombo, ile harufu kama ya yai bichi hivi au samaki wa jana, na glasi zile nilikuwa nimeziosha asubuhi kwa sabuni ya kutosha na nikazisuuza mara mbili. Nikanusa zilizobaki kabatini, zote vile vile. Nikaenda kwenye sinki nikashika kitambaa nilichozikaushia, kimejikunja pale pembeni ya bomba kina unyevu tangu juzi, na sponji iko kwenye kisahani chake imekalia maji yake yenyewe, ukiiminya inatoa ute. Hapo ndo nikaelewa kwamba sabuni yote nilokuwa namwaga ilikuwa inaenda bure, nilikuwa naosha glasi kwa kitu kichafu kuliko glasi yenyewe.

Toka siku hiyo nilibadilisha mpangilio wote wa jikoni kwangu, na baadaye nikaja kupika chakula cha kupeleka maofisini kwa hiyo hili jambo nimelifanya kila siku, watu wakila sahani 40 huwezi kubahatisha. Naandika yote hapa, chukua inayokufaa.

Kwanza ujue kwa nini inanuka

Usiruke hapa maana usipoelewa hii utafanya hatua zote na bado itanuka. Bakteria wanataka maji, chakula na joto. Sponji ina vyote: vishimo vyake vinashika maji, ndani yake kuna mabaki ya ugali na mchuzi usiyoyaona, na joto la kwetu wala halihitaji maelezo. Bakteria kama E. koli akipata mazingira mazuri anajigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja uliyemwacha saa nne usiku, kwa hesabu tu, mpaka saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuwa zaidi ya milioni 16. Na wewe unaamka unachukua hiyo hiyo unaosha chupa ya mtoto.

Mwaka 2017 kuna watafiti Ujerumani, wakiongozwa na Markus Egert wa Chuo Kikuu cha Furtwangen, walichukua sponji 14 zilizotumika majumbani kwa watu wakazichunguza. Wakakuta aina 362 za bakteria, na sehemu nyingine walikuwa zaidi ya bilioni 50 kwenye kipande cha sentimita moja ya ujazo, yaani kama dadu ya ludo hivi. Wengi wao hawaumwishi mtu mzima mwenye afya, nisiwatishe bure. Ila mmoja wa waliokuwa wengi anaitwa Moraxella osloensis, na huyu ndo anahusika na ile harufu ya nguo iliyokaa mbichi. Kwa hiyo shombo ya kitambaa sio uchafu wa kawaida, ni wadudu walioshazaliana wakakaa.

Kitu kilichonigusa zaidi kwenye utafiti ule ni kwamba sponji ambazo wenyewe walisema wanazisafisha mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko zile ambazo hazisafishwi. Mi naona maana yake kusafisha peke yake hakusaidii kama sponji inarudi kukaa kwenye maji. Kazi kubwa ni kukausha, dawa inafuata. Ndo msingi wa kila kitu nitakachokuambia.

Hatua ya kwanza: gawanya kazi

Nyumba nyingi kuna kitambaa kimoja kinafanya kila kitu, kinafuta meza, kinakausha sahani, kinashikia sufuria, mtoto akimwaga uji kinafuta chini kisha kinasuuzwa kidogo kinarudi juu. Hicho kitambaa ndo mwanzo wa matatizo. Huhitaji kununua, chukua khanga kuukuu au fulana za pamba zilizochoka, kata vipande vya kama sentimita 40 kwa 40, pinda ukingo kama una cherehani. Pamba tu, usichukue nailoni au poliesta maana haifyonzi maji, inayasukuma tu huku na huku.

Mi kwangu nimegawa kwa rangi ili hata dada wa kazi akija mpya asichanganye: khanga nyekundu za kufutia meza na kaunta, nyeupe za kukaushia vyombo, taulo dogo la mikono linaning'inia msumari wake peke yake, na tambara zito la kushikia sufuria ambalo ni marufuku kufutia kitu. Hilo la kushikia sufuria watu wanalisahau kabisa, wakati wa kusonga ugali linaburuza kwenye ugali, mkono wenye nyama unafutwa hapo, na halifuliwi mpaka liwe gumu kama ngozi. Lifue na wenzake. Dekio la sakafuni lisiingie kwenye huu mchezo kabisa, lina ndoo yake na lianikwe nje kamba ya peke yake.

Kwa kila kazi uwe na vipande visivyopungua vitatu, kimoja kinatumika, kimoja kimefuliwa kipo juani, kimoja kikavu kabatini. Ukiwa na kimoja tu utakitumia kibichi, hamna namna.

Sponji nazo ziwe mbili, ya vyombo vya kulia na ya masufuria na sinki. Kuzitofautisha rahisi, ile iliyochoka ikishuka cheo kutoka kwenye vyombo kwenda kwenye masufuria unaikata kona moja kwa mkasi. Ukiona sponji isiyo na kona unajua hiyo haigusi glasi. Kona haidanganyi hata usiku umeme ukikatika.

Hatua ya pili: unachofanya kila ukimaliza kuosha

Hii ni ya dakika mbili na ndo yenye faida kuliko zote.

Kabla hata hujaosha, kwangua mabaki kwenye sahani kwa kijiko au kwa mkono yaende kwenye ndoo ya taka, sponji sio ya kubebea wali. Osha kwa mpangilio, glasi na vikombe kwanza, vijiko, sahani, halafu mabakuli yenye mafuta, masufuria mwisho. Ukianza na sufuria la samaki, glasi zote zitanuka samaki, sponji imeshameza yale mafuta.

Ukimaliza, weka sponji chini ya bomba au kwenye beseni la maji safi, tia tone la sabuni, iminye iachie, iminye iachie, mara kumi na kitu, mpaka maji yanayotoka yawe meupe na povu liishe. Watu wengi wanaiacha na povu wakidhani sabuni itailinda usiku, haiwi hivyo, povu lile limeshika mafuta na chembe za chakula. Halafu ikamue kwa nguvu zako zote, ikunje katikati ukamue tena, igeuze ukamue kona zake. Ukiona tone moja bado hujakamua.

Kisha isimamishe. Isilale. Sponji iliyolala kwenye kisahani upande wa chini haukauki, na kisahani chenyewe kinafanya ute ule wa kuteleza. Mi natumia kibanio cha nguo, naibana kona naining'iniza kwenye waya dirishani juu ya sinki upepo unapita pande zote. Kuna vishikio vya kununua vyenye matundu, ni vizuri, ila kibanio kinafanya kazi ile ile. Kitambaa nacho kitandazwe chote, kisikunjwe mara nne juu ya bomba, kwenye mikunjo ndo unyevu unakaa.

Na usiku ukimaliza kazi ya mwisho kitambaa cha kufutia meza kilichotumika siku nzima hakirudi kwenye waya, kinaenda kwenye beseni la kufuliwa. Kila siku. Kesho unatoa kikavu kingine.

Kuku, nyama na samaki vina sheria yake

Hapa naomba unisikilize vizuri hasa kama una mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa ndani. Kuku mbichi anaweza kuwa na Salmonela na Kampilobakta, vijidudu vya kuharisha, na maji yake yakidondoka kwenye kaunta, ukafuta kwa kitambaa kile kile, ukaenda kufuta meza ya chakula, umevipaka nyumba nzima kwa mkono wako. Yale maji yafute kwa karatasi ya tishu utupe, au kwa kipande cha tambara la kutupa, nilikuwa naweka vipande vya fulana mbovu kwenye mfuko kwa ajili hiyo tu. Baada ya hapo ndo unaosha kaunta kwa maji ya sabuni. Kibao cha kukatia na kisu vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa dodoki au brashi, na kama umelazimika kutumia sponji basi ichemshwe hapo hapo kabla haijagusa kitu kingine. Usiseme nitafanya jioni.

Hatua ya tatu: kuchemsha

Kwa majiko yetu hii ndo njia ninayoiamini kuliko zote, haina gharama zaidi ya gesi au mkaa uliobaki baada ya kupika. Tenga sufuria moja kuukuu isiyopikiwa chakula.

Vitambaa vifue kwanza kwa mkono na sabuni ya mche, sugua pale penye doa la mafuta na manjano, suuza. Usichemshe kitambaa chenye mafuta bila kukifua, unakuwa unapika supu ya mafuta yanayorudi kwenye nyuzi. Kisha weka kwenye sufuria, maji yafunike, tia kijiko kimoja cha sabuni ya unga au kwangua kipande cha mche, yakianza kutokota hesabu dakika 10, koroga kwa mti. Utaona maji yanabadilika rangi, mara ya kwanza nilipofanya na vitambaa vyangu ambavyo nilikuwa naviona visafi yalitoka kama chai ya rangi. Epua, subiri yapoe, suuza mpaka povu liishe, kamua, anika juani vikiwa vimetandazwa. Vya kufutia meza na kukaushia vyombo mara moja au mbili kwa wiki inatosha kama unavifua kila siku. Mwenye mashine aweke nyuzi joto 60 na visichanganywe na nguo za ndani wala nepi.

Sponji inachemshwa dakika 5 ila ina tabia yake, inaelea. Upande wa juu unabaki nje ya maji na wewe unadhani imeiva. Ikandamize kwa mwiko itoe hewa yote, inyonye maji izame, halafu iwekee kisahani cha udongo juu imalize dakika zake chini. Usiiminye kwa mkono ikitoka, maji ya katikati yanaunguza vibaya, iache ipoe kabisa.

Kuchemsha hakuui kila kitu, kuna bakteria kama Bacillus cereus, yule wa kwenye wali uliolala, wana mbegu zinazostahimili maji yanayochemka. Ndo maana baada ya kuchemsha bado lazima ikauke, hizo mbegu bila unyevu haziwezi kuamka.

Wenye maikrowevu

Wizara ya kilimo ya Marekani ilijaribu hizi njia mwaka 2007, wakaloweka sponji kwenye bakteria halafu wakazisafisha kwa namna tofauti tofauti. Maikrowevu kwa dakika moja iliua karibu wote. Kuloweka kwenye maji yenye klorini dakika tatu, juisi ya limao, au maji matupu, viliua kati ya asilimia 37 na 87 tu, ambayo inasikika kubwa ila ukikumbuka yale mabilioni, wanaobaki ni wengi mno. Kwa hiyo wale tunaosugua ndimu kwenye sponji ikinuka, ndimu inaficha harufu kwa muda, kazi haijafanyika.

Sponji ioshwe, iloweshwe maji mpaka ichuruzike, iwekwe kwenye sahani, dakika moja mpaka mbili, halafu iache humo ndani dakika tano ndo uitoe kwa koleo. Ikiwa kavu inawaka moto, sio maneno ya kutishana, inawaka. Na stilwaya au sponji yoyote yenye nyuzi za chuma haiingii humo kabisa.

Jik, na hapa tuwe makini

Jik na ndugu zake ni msaada siku ambayo huwezi kuchemsha, ila watu wanaimwaga kwa kukadiria. Soma asilimia ya dawa ya klorini kwenye chupa, nyingi za madukani kwetu ni kama 3.5. Kwa hiyo ya 3.5 weka vijiko 2 vya chakula kwenye lita 1 ya maji ya baridi. Sponji au kitambaa kiwe kimeshaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, kwa sababu mabaki ya chakula yanaimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwa bakteria, huenda ndo maana wale Wamarekani hawakuiona ikifanya maajabu kwenye sponji chafu. Zamisha, minya ndani ya maji iingie katikati, acha dakika 10, suuza vizuri, kamua, anika. Vaa glavu, fungua dirisha.

Usichanganye Jik na siki, ndimu, dawa ya kusafishia choo au amonia. Inatoa gesi yenye sumu inayobana kifua, kwenye jiko dogo lisilo na dirisha inaweza kukuangusha. Maji ya moto pia hapana, moshi wake unawasha macho na dawa inaisha nguvu.

Sponji ya aina gani hasa?

Uswahilini wengi tunatumia kipande cha sponji la godoro, kinakatwa kikubwa kama mkate kinatumika mpaka kimomonyoke. Ni kinene, katikati hakikauki hata ukianike kutwa, na vipande vyake vinabaki kwenye vyombo. Kama ndo ulichonacho, kikate kiwe chembamba kama kidole kimoja, kitakauka kwa saa chache. Hata sponji ya dukani mi naikata katikati, mkono unaishika vizuri zaidi, inakauka haraka, na moja inakuwa mbili kwa hiyo kutupa hakuumi.

Dodoki la asili lile linalotambaa kwenye uzio ndo chaguo langu la kwanza. Nyuzi zake ziko wazi, ukilikung'uta maji yanatoka, saa mbili juani limekauka kama kuni, linachemshika bila shida na likichoka unalitupa shambani linaoza. Menya likiwa kavu, toa mbegu, kata vipande vya urefu wa kiganja. Brashi nayo nzuri kwa sababu hiyo hiyo, taasisi ya Nofima ya Norway iliwahi kulinganisha brashi na sponji, mwaka 2021, Salmonela kwenye brashi iliyoachwa ikauke walikufa haraka kuliko kwenye sponji. Makumbi ya nazi na jivu kwa masizi ya sufuria bado ni mfalme, tena kumbi unatumia mara moja unatupa, hakuna usafi zaidi ya huo. Stilwaya ikianza kutu na kukatika vipande itupe, visije vikaingia kwenye mboga.

Lini utupe

Sponji ya vyombo mimi wiki moja, ikizidi sana mbili, halafu inakatwa kona inashuka kwa masufuria wiki nyingine, kisha takataka. Wale Wajerumani nao walishauri kubadilisha kila wiki. Ila usisubiri tarehe kama inateleza hata baada ya kusuuzwa, imepata vidoa vyeusi, inamomonyoka, au ukiinusa ikiwa imelowa maji ya uvuguvugu inatoa shombo. Inuse ikiwa na uvuguvugu, ikiwa kavu haisemi ukweli. Kitambaa kikinuka baada ya kuchemshwa na kuanikwa, kipeleke kwenye dekio.

Vyombo vyenyewe ukiweza usivifute kabisa, viache vijikaushe. Kile kichanja cha miti ambacho mabwana afya wamekuwa wakituhimiza kukijenga nje tangu utotoni ni kitu cha maana mno, vyombo vinachujika maji, jua linavipiga, na kitambaa kinapumzika. Ndani tumia rafu yenye matundu, vikombe vimeinama.

Kipindi cha masika nguo zinakaa siku mbili hazijakauka, hapo usichemshe vitambaa vingi kwa pamoja, chemsha viwili, vikamue vizuri, tandaza karibu na dirisha au feni, na vikibaki na unyevu kidogo malizia kwa pasi ya moto mpaka mvuke uishe. Usivitundike juu ya jiko la gesi linalowaka, nimeshaona kitambaa kikidondokea moto.

Kwa mama ntilie na wenye vibanda vya chipsi

Beseni tatu, la kwanza maji ya sabuni, la pili ya kusuuzia, la tatu maji safi yenye Jik ya 3.5, kijiko 1 cha chakula kwa lita 5, sahani zinapita humo angalau dakika moja kisha zinapangwa zikauke zenyewe, usizifute. Kitambaa cha kufutia meza kikae ndani ya kindoo chenye mchanganyiko wa namna hiyo hiyo badala ya kukaa begani, mteja akiondoka unakikamua unafuta unakirudisha. Maji yakianza kuwa na ukungu au masaa matatu yakipita, mwaga uchanganye mengine, hata kama macho yanakuambia bado yanafaa. Mchanganyiko wa jana usiutumie leo na chupa ya Jik isikae juani, nguvu yake inapungua yenyewe bila rangi wala harufu kukuonyesha.